Kubeba chakula kutoka kwenye bafe ya asubuhi hotelini: uchukue nini, uombe vipi, uishie wapi

Watu huuliza swali hili kwa sauti ya chini, kama jambo la aibu: nikishamaliza kunywa chai hotelini, naweza kuondoka na ndizi na mkate wa kula mchana? Tunda moja mkononi halimsumbui mtu. Kontena lililojazwa linasumbua. Vilivyo katikati ya hivyo viwili vinaombwa, na hapo kwenye kuomba ndipo wengi wanaporuka. Mtu anafunga maandazi kwenye tishu chini ya meza, anayasukumia kwenye mkoba huku macho yakizunguka ukumbini, ilhali angemwita mhudumu na kusema angefungiwa vizuri zaidi ya hapo.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa asubuhi yenyewe, kuanzia usiku wa kuamkia safari hadi mpakani. Hatua nyingine ni fupi kwa sababu hazina mengi.

Hatua ya 1: Fahamu ulicholipia

Ukilipia chumba pamoja na kifungua kinywa, umelipia nafasi ya kukaa ukumbini na kula mpaka ushibe, ndani ya saa zilizotajwa. Chakula chenyewe kilichopangwa mezani hujakinunua. Jiko hupiga hesabu kwa wastani wa kila mgeni: yupo atakayekula mayai matatu na soseji, yupo atakayekunywa kahawa tupu akaondoka, na bei huwekwa katikati yao. Hesabu hiyo inasimama kwa sababu tumbo lina kipimo chake. Mkoba hauna. Wageni wakianza kujitwalia chai na chakula cha mchana kwa bei ya chai, hoteli itapandisha bei au itapunguza vitu mezani, na atakayeumia ni mgeni anayekuja baada yako.

Watunga sheria nao wameiona tofauti hii. Tangu tarehe 1 Julai 2021, migahawa nchini Ufaransa inatakiwa kumpa mteja chombo cha kubebea mabaki yake akiomba, lakini sheria imeziacha nje huduma za kula kadiri upendavyo. Hispania ilipopitisha sheria yake ya kupunguza upotevu wa chakula mwaka 2025, iliwapa wateja haki ya kubeba walichobakisha bila kuongeza malipo, na yenyewe pia ikaiweka bafe kando. Hizo ni nchi zilizoamua kwa dhati kupambana na utupaji wa chakula. Hata hivyo zimekubali kwamba sahani uliyoagiza ni yako mpaka tonge la mwisho, na kwamba cha kwenye bafe hakiwi chako mpaka ukile.

Kwa hiyo unapokwenda kuomba, nenda ukijua unaomba hisani. Hisani hutolewa kwa urahisi sana hotelini, maana kazi yao ni kumridhisha mgeni, lakini haidaiwi kwa ubishi.

Kabla ya yote, soma kibao cha mlangoni au karatasi iliyo juu ya meza ya chumbani. Hoteli nyingi huandika wazi kama chakula hakiruhusiwi kutoka ukumbini. Kama imeandikwa hivyo, hilo ni jibu la kila siku, na utakachoomba kitakuwa kwa sababu maalumu kama mgonjwa au safari ya alfajiri.

"Si kitatupwa tu?"

Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula katika majumba, maduka na sehemu za kulia, na kwamba asilimia 28 ya hiyo ilitoka kwenye huduma za chakula, hoteli zikiwemo. Anayeumia moyoni akiona trei ya mikate ikirudishwa jikoni ana haki ya kuumia.

Lakini si kila kinachorudi jikoni kinatupwa. Matunda yasiyomenywa, mtindi uliofungwa na jamu za vikopo vidogo hupangwa tena kesho. Mkate unaweza kwenda kwenye chakula cha wafanyakazi au kukaushwa na kupikiwa kitu kingine. Zipo hoteli zinazouza mabaki ya asubuhi kwa bei ya chini kupitia programu ya simu ya Too Good To Go, iliyoanza Denmark mwaka 2015. Kisichookolewa kamwe ni kile kilichokwishawekwa kwenye sahani ya mgeni. Simama dakika tano karibu na mlango wa jikoni ukumbi unapofungwa uone: omleti iliyomegwa kona moja, vipande vinne vya tikiti ambavyo havijaguswa, soseji mbili zimelala kwenye mchuzi wa maharage, na mhudumu anazikwangua zote kwa kisu ndani ya ndoo moja. Hapo hakuna cha kuuza wala cha kugawa.

Anayetaka kupunguza utupaji aanze na sahani yake. Pakua kidogo, urudi mara ya pili, hata mara ya tatu. Hakuna anayehesabu safari zako za kwenda mezani. Na ukibaki na nusu ya mkate uliyoimega mwenyewe, hiyo ibebe kwa amani kabisa. Hakuna mtu mwingine duniani atakayeila.

Hatua ya 2: Jua shida yako ni ipi

Anayeondoka saa kumi usiku kuwahi ndege, mwenye mtoto asiyekula asubuhi, mwenye mgonjwa chumbani, na anayetaka kuokoa hela ya chakula cha mchana wote wanataka kubeba chakula, lakini njia zao hazifanani. Watatu wa kwanza hoteli ina utaratibu wao tayari. Wa nne hana utaratibu, ana ombi, na ombi lake liwe dogo.

Hatua ya 3: Ukiondoka kabla ya saa za chai, agiza kifungua kinywa cha kufungiwa

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila msafiri alijue, kwa sababu wengi hupoteza mlo waliokwishaulipia bila sababu. Kama bei ya chumba chako ina kifungua kinywa na unaondoka kabla ukumbi haujafunguliwa, hoteli nyingi zitakufungia boksi: mkate uliojazwa kitu, tunda, yai la kuchemsha, kinywaji. Hawatakuambia usipouliza.

Waambie mapokezi mapema. Kama unalala usiku mmoja tu, sema wakati uleule unapopewa ufunguo. Ukisubiri saa tano usiku umechelewa, maana boksi hutayarishwa na wapishi wa zamu ya jioni kisha huwekwa kwenye friji. Kijana unayemkuta mapokezi alfajiri mara nyingi hana hata ufunguo wa jiko. Kumlaumu yeye hakukupi mkate.

Maneno yenyewe hayana ugumu:

"Habari za jioni, dada. Sisi wa chumba namba fulani tunaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri, kabla ya chai. Tunaomba mtufungie kifungua kinywa cha watu wawili. Mmoja wetu hali karanga wala maziwa."

Umetaja chumba, saa, idadi ya watu na kisicholiwa, na hivyo ndivyo jiko linavyotaka kujua. Ongeza na muda wa safari ukiwa mrefu: ukisema mtakula baada ya saa nne njiani, mpishi mwenye busara ataacha mayonesi na kuweka vitu vikavu. Kisha uliza boksi mtalichukulia wapi na nani atakayekuwepo. Omba iandikwe, kwa sababu zamu hubadilika usiku na ahadi ya mdomo hupotea baina ya zamu mbili.

Alfajiri ukilipokea, lifungue palepale mezani kabla hujaingia garini. Umekuta boksi moja badala ya mawili, au lile la mtu wa karanga limewekwa biskuti za karanga? Huo ndio wakati wa kusema.

Ikiwa hoteli haifungi maboksi, uliza kama kahawa na mikate vinaweza kuwekwa mapema. Baadhi ya hoteli zilizo karibu na viwanja vya ndege hufanya hivyo kila siku. Na kama chumba chako hakina kifungua kinywa kwenye bei, boksi utalilipia, kwa hiyo uliza bei kabla hujaagiza.

Mgeni aliyefunga saumu naye njia yake ni hii. Mlo wake umo kwenye bei lakini saa za ukumbi si saa zake. Aombe kufungiwa daku usiku, na asione haya, kwa sababu anadai kilicholipiwa kwa saa tofauti tu.

Hatua ya 4: Ukiwa ukumbini, muombe anayeweza kukubali

Mtafute msimamizi wa ukumbi. Mara nyingi ni yule anayesimama mlangoni na orodha ya vyumba. Usimwombe mhudumu kijana anayekusanya vyombo, kwa sababu unamweka pabaya: akikukatalia anaogopa utalalamika, akikukubalia bila ruhusa anaweza kuitwa ofisini. Yeye hana mamlaka juu ya chakula kile kama wewe usivyokuwa nayo.

Chagua wakati. Saa mbili asubuhi, foleni ya omleti imefika mlangoni na kahawa imekwisha, si saa ya kuomba lolote. Kula kwanza, tulia, uombe unapokaribia kuondoka.

Kisha taja kiasi. "Naweza kubeba chakula?" ni swali linalomtisha msimamizi, maana hajui kama unawaza tunda moja au chakula cha familia nzima. Sema hivi: "Samahani kaka, naomba kubeba vipande viwili vya mkate na tunda moja, mtoto atakula njiani. Inawezekana?" Hapo anaona mwisho wa ombi lako, na kukubali kunakuwa kwepesi. Wengi wao wataleta mfuko wa karatasi wenyewe.

Akikubali, muulize kama atafunga yeye au ufunge wewe. Chukua ulichotaja, usiongeze. Akikataa, sema asante na yaishe hapo. Usimtafute mhudumu wa upande wa pili uombe upya, na usianze kueleza kwamba hoteli uliyolala wiki iliyopita ilikuruhusu.

Na ikitokea umebeba bila kuomba ukaulizwa mlangoni, usibishane wala usitunge kisa. "Samahani, sikujua, narudisha" inatosha. Wakitaka ulipie, lipa. Hoteli haitaki ugomvi mbele ya wageni wengine, na mambo huisha haraka pale mgeni anapokuwa mkweli.

Hatua ya 5: Pima ulichonacho mkononi

Vitu ambavyo karibu kila mahali huondoka bila maneno ni hivi: tunda moja zima, mkate uliokwishaumega, na kahawa kwenye kikombe cha karatasi ikiwa vikombe vya karatasi vimewekwa pale. Vikombe hivyo vimewekwa ili utoke navyo.

Vitu vya kuomba ni mkate mzima, keki, yai, mtindi uliofungwa, tunda la pili na la tatu.

Vitu vya kuacha hata usiviombe: nyama na samaki waliokatwa, jibini kwa vipande vingi, chochote kilicholetwa kwa kiasi kidogo na kujazwa kwa kuchelewa. Ukiona sahani ya samaki inaletwa mara moja kila nusu saa, hicho ndicho kitu ghali kuliko vyote ukumbini, na anayepakua cha kubeba anamnyima aliye nyuma yake kwenye foleni.

Kuna tabia ya kukusanya vikopo vidogo vya asali, jamu na siagi, kumi kumi, kwa sababu vimefungwa na havitaharibika. Kwa hoteli hilo linauma kuliko ndizi. Vile vikopo havipotei jioni ikifika, vingetumika hata mwezi ujao, hivyo kila kimoja unachobeba ni hasara halisi kwenye hesabu ya stoo. Kimoja ulichofungua ukabakisha nusu, chukua. Pakiti za sukari na majani ya chai za ukumbini ni vilevile. Zile za chumbani kwako, zilizowekwa karibu na birika, ni zako kutumia.

Vikombe, vijiko, glasi na vitambaa vya meza havitoki. Ukipeleka kikombe chumbani, kirudishe au kiache mahali ambapo mfanyakazi wa usafi atakiona, kwa sababu vyombo hivyo huhesabiwa.

Hatua ya 6: Chukua kwa usafi

Hata ukipewa ruhusa, usisimame na kontena lako mbele ya bafe ukipakulia humo. Pakua kwenye sahani kwa koleo lililowekwa, rudi mezani kwako, ufungie pale. Kontena limetoka kwenye begi, begi limekaa sakafuni mwa basi, na wageni mia moja bado hawajala.

Mashine ya juisi na maji ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Mtu anakuja na chupa yake aliyoinywea tangu jana, anaisukuma juu mpaka mdomo wa chupa unagusa bomba, juisi inashuka. Kilichokuwa kwenye midomo yake sasa kiko kwenye bomba la watu wote. Kama unataka maji ya njiani, jaza glasi, kisha mimina kutoka glasi kwenda kwenye chupa ukiwa mezani, au mwombe mhudumu akujazie. Juisi mimi nisingejaza kabisa. Imewekwa ya kunywewa pale, na njiani huchacha.

Funga kwa kitu kinachofaa. Tishu hunywa mafuta na kushikana na mkate kiasi kwamba baadaye unakula karatasi. Weka kwenye begi lako mifuko safi midogo au kontena moja dogo lenye kifuniko kinachobana. Hiyo pia inakupunguzia kumwomba mhudumu vifungashio vya plastiki ambavyo baadhi ya nchi zimevipiga marufuku.

Usiokote kitu kwa mkono ukakirudisha. Ulichogusa ni chako.

Hatua ya 7: Anza kuhesabu saa

Hapa adabu inakutana na afya, na ndiyo sababu ya kweli ya hoteli nyingi kukataa. Mgeni akila yai la hoteli saa nane mchana baada ya kulizungusha juani, akaugua, ataitaja hoteli.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika kanuni zake tano za chakula salama, linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, kilicho baridi kikae chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, na cha moto kikae juu ya nyuzi 60. Katikati ya hapo vijidudu huzaliana kwa kasi. Mamlaka za Marekani zinapunguza muda huo kuwa saa 1 ikiwa joto la nje limepita nyuzi 32, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto hilo hufikiwa mapema mno.

Kinachosahaulika ni kwamba saa haianzi unapofunga mfuko. Chakula kimeshakaa mezani kabla yako. Sheria za Uingereza, kwa mfano, huruhusu chakula cha moto kikae chini ya nyuzi 63 kwa saa 2 tu kinapopangwa, na cha baridi kikae juu ya nyuzi 8 kwa saa 4 tu. Huna namna ya kujua omleti ile iliwekwa lini. Ukiichukua saa mbili na nusu asubuhi ukaila saa saba mchana, imekaa saa nne na nusu mikononi mwako pekee, bila kuhesabu muda wa bafe.

Kwa hiyo ukichagua cha kubeba, chagua kikavu. Mkate mtupu, maandazi, biskuti, karanga, matunda yenye ganda lake kama ndizi na machungwa, vyote hivi vinavumilia safari. Mayai ya kukoroga, soseji, wali, mtindi uliofunguliwa, matunda yaliyokatwa, mkate uliopakwa jibini laini au mayonesi, viliwe pale mezani au viachwe.

Yai la kuchemsha lenye ganda hudanganya wengi. Inaonekana ganda linalilinda. Kuchemsha huondoa utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda, na vijidudu hupata njia ya kuingia, kwa hiyo yai lililochemshwa linafuata kanuni ileile ya saa 2 likiwa nje ya friji.

Na usiseme utalipasha moto. Kuna kijidudu kinachoitwa Staphylococcus aureus ambacho hukaa kwenye ngozi na puani mwa watu wenye afya zao, huhamia kwenye chakula kwa mikono, na kikiachwa kwenye joto hutoa sumu ambayo moto wa kupikia hauiondoi. Kijidudu kinakufa, sumu inabaki, unatapika ndani ya saa chache.

Andika saa kwenye simu unapofunga. Muda ukipita, tupa bila kujuta.

Hatua ya 8: Ukikipeleka chumbani

Friji ndogo za vyumbani nyingi zimetengenezwa kupoza vinywaji, na hazifiki baridi inayohitajika kwa nyama au maziwa. Na kama umeme wa chumba huzimika unapochomoa kadi ya ufunguo ukutani na kutoka, mara nyingine friji huzimika nao. Itumie kwa matunda na maji. Usiache mkate wazi mezani, sisimizi watakuja na atakayehangaika nao ni mfanyakazi wa usafi. Maganda na mabaki yafunge kwenye mfuko, uyaweke kwenye pipa, na kama unahama siku hiyo usiyaache kwenye droo.

Mgonjwa, mtoto, na mtu ambaye hakulala hotelini

Mwenzako akiwa mgonjwa kitandani, mwambie msimamizi wa ukumbi: "Mke wangu hajisikii vizuri, naomba nimpelekee chai na mkate chumbani." Utapewa trei, na pengine mhudumu atakupandishia. Mlo wake umelipiwa, kinachobadilika ni mahali pa kuulia. Ukipakua kimyakimya ukatoka na sahani mbili mikononi unajinyima msaada ambao uko pale kwa ajili yako, na unamwaga chai kwenye zulia la lifti.

Mtoto ambaye haamki na njaa naye anaeleweka. Mwombee mkate na tunda kwa jina lake. Sijaona msimamizi anayemnyima mtoto.

Kwa dereva, rafiki aliyekuja kukupokea, au ndugu anayesubiri nje, nasema wazi: usimtolee chakula cha bafe. Huyo hakuhesabiwa. Uliza bei ya mlo kwa mtu wa nje, umlipie, aingie akae mezani ale kama mtu. Ni heshima zaidi kwake kuliko soseji mbili ndani ya tishu anazokabidhiwa kupitia dirisha la gari. Kama huwezi kumudu, mnunulie kitu njiani.

Mlio kwenye semina au kundi la safari, mambo huamuliwa na aliyelipa. Mwambieni mratibu, azungumze na hoteli mara moja kwa niaba ya wote. Watu arobaini wakibeba "kimoja kimoja tu" meza inabaki tupu.

Hatua ya 9: Uwanja wa ndege na mpaka

Mkate na matunda hupita kwenye ukaguzi wa usalama. Mtindi, jamu, asali na jibini laini huhesabiwa kama vimiminika, na viwanja vingi bado vinashikilia kikomo cha mililita 100 kwa kila chombo, kilichoanza kutumika mwaka 2006. Kikopo cha mtindi kwa kawaida kimezidi hapo, na kitaishia kwenye pipa la uwanjani.

Mpaka ndio wenye hatari zaidi. Tufaha la hoteli lililosahaulika kwenye mfuko wa pembeni wa begi linaweza kubeba mayai ya nzi wa matunda, na nchi zinazoishi kwa kilimo hazina mzaha na hilo. New Zealand humtoza papo hapo dola 400 za nchi hiyo mtu anayeingia na chakula cha aina hiyo bila kukitaja. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka nchi nyingi za nje kuingia na nyama wala bidhaa za maziwa, hata sandwichi uliyofungiwa hotelini. Marekani hutaka utaje kila chakula ulichonacho, na kinachotozwa faini hasa ni kutokutaja.

Fungua mifuko yote ya begi ndege ikiwa bado angani, ule kilichobaki au umpe mhudumu wa ndege akitupe. Ukiwa na kitu ambacho bado unakitaka, jaza "ndiyo" kwenye fomu ya forodha, mwonyeshe afisa, uache yeye aamue.